St. Patrick's Iten: ni hewa ya mlimani, au ni shule yenyewe?

Mwalimu wa Nyanda za Juu aliuliza:

Salaam wanajamvi.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya serikali iliyo katika nyanda za juu za Mkoa wa Manyara, na nina swali ambalo limenikaa moyoni kwa mihula kadhaa sasa. Kila yanapokaribia mashindano ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, mkuu wa shule huniita ofisini na kuniuliza kwa nini vijana wetu hawafiki mbali katika riadha, ilhali wengi wao wamekulia kwenye miinuko ile ile iliyomlea mkimbiaji wa marathoni John Stephen Akhwari wa Mbulu. Kisha hunitajia shule moja ya umma iliyo ng'ambo ya mpaka, St. Patrick's ya Iten nchini Kenya, ambayo imekuwa ikitoa mabingwa wa Olimpiki na wa dunia tangu mimi sijazaliwa.

Jibu langu siku zote limekuwa jepesi: Iten iko juu, hewa yake ni nyembamba, na watu wa kule wamezaliwa wakimbiaji. Mwaka huu nimeona haya kulirudia, kwa sababu hata sisi hatuko bondeni, na wanafunzi wetu hutembea kilomita nyingi kwenda na kurudi shuleni kama wale wa Bonde la Ufa. Uwanja wetu wa mbio tunauchora kwa majivu ya jikoni kuzunguka uwanja wa mpira, na mvua ikinyesha usiku asubuhi tunaanza upya. Nina kijana wa kidato cha pili anayekimbia mita 1,500 peku na kuwaacha wenzake nusu uwanja, nami naogopa kwamba akifika kidato cha nne atakuwa ameshaacha, kama walivyoacha wengine watatu niliowaona kabla yake.

Ninaomba wanaoifahamu shule hiyo kwa karibu wanieleze ilianzaje, nani aliishika kazi ya riadha na aliishikaje, na ni lipi ambalo shule isiyo na fedha kama yetu inaweza kuliiga. Sitafuti sifa za jumla; hizo nimezisoma za kutosha.

---

Jirani wa Kamariny alijibu:

Mwalimu, shikamoo, na ahsante kwa kuuliza swali hili kwa uaminifu. Mimi nimezaliwa na kukulia karibu na Iten. Sikusoma St. Patrick's, lakini utoto wangu wote niliupitisha nje ya ua wake, nikitazama yaliyokuwa yakifanyika ndani, kwa hiyo nitakueleza ninachokijua.

Kwanza tuiweke shule mahali pake. Iten iko kwenye ukingo wa mteremko wa Elgeyo, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, safari ya kilomita 35 hivi kutoka Eldoret. Ukisimama ukingoni asubuhi, Bonde la Kerio lote liko chini yako likiwa limefunikwa na ukungu, na nyuma yako ni mashamba ya mahindi na barabara za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka bila kuisha. St. Patrick's ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mabruda wa Mtakatifu Patrick kutoka Ireland. Ni shule ya bweni ya wavulana, ni ya umma, na Kanisa Katoliki ni mfadhili wake kama ilivyo desturi ya shule nyingi za Kenya zilizoanzishwa na wamisionari.

Sasa kuhusu hewa. Hewa ya Iten haikugawiwa St. Patrick's peke yake. Kwenye ukingo huo huo zipo shule nyingi zenye mwinuko ule ule, udongo ule ule, na watoto wa koo zile zile. Kama mwinuko ungetosha, basi kila moja ya shule hizo ingekuwa na orodha ya mabingwa inayolingana na ya St. Patrick's, na haiko hivyo. Mwinuko unaeleza kwa nini eneo zima lina wakimbiaji wengi. Kwa nini shule moja iliwazidi majirani zake ni jambo lingine, na hilo ndilo unaloliuliza. Waswahili walisema usione vyaelea, vimeundwa, na chombo hiki mimi nilikiona kikiundwa, ubao baada ya ubao.

Shule ilikuwa na jina katika riadha mapema. Mike Boit, mwanafunzi wake wa zamani, alipata nishani ya shaba katika mita 800 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Miaka minne baadaye, mwaka 1976, alikuja bruda kijana kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea ukocha. Aliyeshughulikia wakimbiaji wakati huo alikuwa mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu wa Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 huko Montreal mwaka huo huo wa 1976. Muda si mrefu Foster akarudi kwao, na kazi ikamwangukia Bruda Colm. Alichokuwa nacho ni macho na subira. Aliwatazama vijana wakikimbia, akawauliza maswali, akaandika, akajaribu, akaona kilichofaa na kisichofaa, na mwaka uliofuata akaanza tena palepale alipoishia.

Naomba usilipite haraka neno hilo la mwaka uliofuata. Walimu wengi wazuri wa michezo hapa kwetu hukaa shule moja miaka mitatu au minne, kisha huhamishwa au huondoka wenyewe, na kila walichojifunza kuhusu vijana wa pale huondoka nao. Bruda Colm alikuja akidhani atakaa muda mfupi, lakini aliendelea kuishi katika nyumba yake ndani ya ua wa shule hata baada ya kustaafu ualimu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mtu asiyejua chochote kuhusu mbio alikaa muda mrefu kuliko wote waliokuwa wakijua, na ujuzi ukajengeka juu ya ujuzi hadi ukawa mali ya mahali penyewe. Kijana aliyeingia kidato cha kwanza alikuta wa kidato cha nne wakijua tayari jinsi ya kujinyoosha, jinsi ya kukimbia polepole siku inayotakiwa polepole, na jinsi ya kulala mapema. Mengi aliyajifunza kwa kuwaiga hao kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Jambo la pili ni kambi. Mwaka 1989 alianza kuwakusanya vijana wakati wa likizo kwa mafunzo ya siku kadhaa. Wanafunzi wa St. Patrick's walikuwemo, lakini pia walikuja vijana kutoka shule nyingine, wakiwemo wasichana. Kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kuwafundisha wasichana wa shule ya jirani ya Singore, wakati ambapo watu wengi wa kwetu, na nasema hili kwa masikitiko, waliona msichana anayekimbia barabarani kama mtu aliyekosa kazi nyumbani. Kambi ile iliziba lile pengo ambalo ndilo linalowapoteza vijana kama wako watatu. Mwanafunzi hufanya mazoezi muhula mzima, kisha hurudi nyumbani wiki nne, huchunga, hulima, hula kinachopatikana, na mwili husahau. Pale Iten likizo ndiyo ilikuwa wakati wa kujifunza kwa utulivu, bila kengele ya darasani na bila mashindano ya kukimbilia.

Na mazoezi yenyewe, Mwalimu, yangekushangaza kwa unyenyekevu wake. Nilipokuwa mdogo nilidhani nitaona vijana wakitapika kwa uchovu. Nilichokiona ni kundi la wavulana na wasichana kwenye nyasi, wakiinua magoti kwa mpangilio, hatua fupi fupi, mikono karibu na mbavu, huku mzee aliyevaa kofia akitembea kando yao na kusema maneno machache sana. Mmoja akikosea namna ya kukanyaga, alisimamishwa, akaonyeshwa, akarudia. Baadaye nilikuja kusikia kwamba msingi wa ufundishaji wake ni mambo manne: umakini wa akili, mnyooko wa mwili, uthabiti wa kiwiliwili, na mguu kutua kwa wakati wake. Nguvu na kasi hutafutwa baada ya hayo. Kijana wa miaka 15 hakukimbizwa kama mtu mzima wa miaka 25, na nadhani ndiyo sababu wengi walifika miaka 25 wakiwa bado wanakimbia.

Ukiingia ndani ya ua leo utaiona miti. Wanafunzi na vijana wa mahali hapo waliofika kileleni wamepandiwa miti, na kila mmoja una kibao chenye jina. Mingine imeshakuwa minene kuliko kiuno cha mtu. Wavulana hupita kwenye kivuli chake wakienda darasani na kurudi bwenini, kila siku, kwa miaka minne.

---

Mtunza Kumbukumbu alijibu:

Nampongeza Jirani wa Kamariny kwa maelezo yake, hasa kwa kutaja kwamba nishani ya Mike Boit ilitangulia kuja kwa Bruda Colm. Jambo hilo husahauliwa mno, na ni haki ya walimu waliotangulia kutajwa. Ningependa tu kuinyoosha orodha ya majina, kwa sababu katika mitandao watu wawili tofauti wamechanganywa kuwa mmoja: mwanafunzi wa shule, na mwanariadha aliyefundishwa katika kambi au na kocha wa shule hiyo.

Waliokaa kwenye madawati ya St. Patrick's ni pamoja na Boit mwenyewe, Ibrahim Hussein, pacha Kipkoech na Charles Cheruiyot, waliokimbia Los Angeles mwaka 1984 wakiwa na umri wa miaka 19, Charles akimaliza wa sita katika fainali ya mita 5,000, Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988 kwa dakika 3 na sekunde 35.96 akiwa na miaka 21 tu. Matthew Birir, bingwa wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, siku ambayo Kenya ilitwaa nafasi zote tatu. Na Wilson Kipketer.

Kwa upande wa pili, David Rudisha, ambaye jina lake hutajwa mara nyingi kuliko yote, alisoma shule ya Kimuron iliyo jirani, na St. Patrick's aliijua kama mahali pa kambi na pa kocha wake. Sally Barsosio, aliyepata shaba ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1993 akiwa na miaka 15 na dhahabu mwaka 1997, alikuwa msichana wa Singore. Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 mwaka 2007, naye alikuwa chini ya Bruda Colm, na ni wazi kwamba hakuwa mwanafunzi wa shule ya wavulana.

Huenda mtu akaona ninatafuta tofauti zisizo na maana. Sivyo. Mwalimu wa Manyara anataka kujua nini cha kuiga, na orodha hizi mbili zinajibu maswali mawili tofauti. Ya kwanza inaonyesha kile ambacho shule inaweza kumfanyia mwanafunzi wake. Ya pili inaonyesha kile ambacho shule inaweza kuifanyia jamii inayoizunguka pale inapofungua lango lake, na kwa maoni yangu hiyo ya pili ndiyo nadra zaidi. Shule nyingi hulinda vipaji vyake kwa wivu dhidi ya shule jirani kwa sababu zitakutana kwenye mashindano ya kaunti. Kule Iten kijana wa shule pinzani alikaribishwa, akafundishwa, akarudi kwao.

Rudisha pia anatusaidia kulizika lile jibu la "wamezaliwa wakimbiaji". Yeye ni Mmaasai wa Kilgoris, mbali na ukingo wa Elgeyo. Kweli, baba yake, Daniel Rudisha, alikuwa katika timu ya Kenya iliyopata fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne kule Mexico mwaka 1968, na damu hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo alipofika Iten alikuwa kijana wa mita 400 na mashindano ya michezo kumi. Aliyeona kwamba mwili ule mrefu ulifaa mita 800 alikuwa mwalimu aliyekuwa ameshatazama miili ya vijana kwa zaidi ya robo karne. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana mjini Beijing.

Naomba niseme kidogo kuhusu mita 800, kwa kuwa hapa historia ya shule hii inanigusa kuliko popote. Sebastian Coe wa Uingereza aliweka rekodi ya dunia mwaka 1981, nayo ikakaa miaka 16 bila kuguswa. Aliyeivunja ni Wilson Kipketer, kijana wa St. Patrick's aliyekwenda Denmark kusoma mwaka 1990 na kuanza kukimbia kwa niaba ya nchi hiyo. Alinyimwa Olimpiki ya Atlanta ya 1996 kwa sababu ya uraia uliokuwa haujakamilika, na mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Agosti 1997 mjini Köln, akaishusha rekodi hadi dakika 1 na sekunde 41.11. Ikakaa miaka 13. Aliyeivunja safari hii ni Rudisha, tarehe 22 Agosti 2010 mjini Berlin, kwa sekunde 41.09 baada ya dakika moja, yaani kwa sehemu mbili tu za mia za sekunde. Wiki moja baadaye akaishusha tena huko Rieti hadi 41.01. Kisha, tarehe 9 Agosti 2012 mjini London, bila mtu wa kumwekea kasi, aliongoza kutoka mwanzo hadi mwisho na kumaliza kwa 1:40.91. Kwa hiyo rekodi hiyo ilipotoka mikononi mwa Coe iliingia Iten, na ilipobadilisha mwenyewe haikutoka nje ya uwanja ule ule wa nyasi. Sijui shule nyingine ya umma popote inayoweza kusema hivyo kuhusu mbio moja.

Na kwa Mwalimu, kama Mtanzania: yule Ibrahim Hussein niliyemtaja ndiye Mwafrika wa kwanza kushinda marathoni ya New York, mwaka 1987, na ya Boston, mwaka 1988. Pale Boston alimshinda Juma Ikangaa wenu kwa sekunde moja, 2:08:43 dhidi ya 2:08:44. Tofauti ya sekunde moja baada ya kilomita 42 si tofauti ya hewa wala ya damu.

---

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Nimewasoma wenzangu kwa heshima. Nilifundisha michezo katika shule za upili za magharibi mwa Kenya kwa miaka mingi, na nina jambo moja la kuongeza ambalo naona linaogopwa.

Shule niliyoanzia kazi, ambayo sitaitaja, ilitaka ubingwa upesi. Msimu wa riadha ulipokaribia, tulileta vijana kutoka mbali, wengine wakiwa wameshapita umri wa kidato walichoandikishwa. Walipewa sare, kitanda na nafasi mezani. Kulikuwa na mmoja ambaye mpaka leo namkumbuka kwa namna alivyokuwa akiikunja blanketi yake asubuhi, pembe kwa pembe, kama mtu asiye na uhakika kama atalala hapo usiku unaofuata. Alitushindia mita 5,000 katika mashindano ya mkoa. Muhula ulipoisha karo yake haikuwa na wa kuilipa, masomo yalikuwa yamemwacha, na hakurudi. Hakuna mtihani alioufanya. Kikombe kilibaki ofisini. Nami nilikuwa sehemu ya jambo hilo, nalisema wazi.

Ndiyo maana nilipoisoma orodha ya Mtunza Kumbukumbu niliangalia kitu kingine: vijana hawa walikwenda wapi baada ya shule. Boit alisoma vyuo vikuu vya Marekani hadi akapata shahada ya uzamivu, akarudi kuwa profesa wa sayansi ya michezo katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na akawa pia kamishna wa michezo wa nchi. Hussein alikwenda Chuo Kikuu cha New Mexico. Pacha wa Cheruiyot na Rono walikwenda Mount St. Mary's huko Maryland. Nafasi hizo zilipatikana kwa miguu, ni kweli, lakini hakuna chuo kilichompokea mtu asiye na cheti. Wavulana wale walikuwa wanafunzi kwanza. Walikaa darasani, wakafanya mtihani wa kitaifa kama wenzao, na kijana ambaye goti lilimsaliti akiwa kidato cha tatu bado alikuwa na jambo la kuendelea nalo.

Mwalimu wa Manyara, huyo kijana wako wa kidato cha pili anayekimbia peku, nenda ukawaone walimu wake wa hesabu na Kiingereza kabla hujamtafutia viatu. Kama anaanguka katika masomo, atapotea hata akiwa na kasi ya Kipketer. Halafu nenda nyumbani kwao. Mzazi akijua mazoezi ni ya nini na yatachukua saa ngapi, hatamwita shambani wakati wa mazoezi. Asipojua, ataona shule inamchezea mtoto wake. Mimi nilichelewa kulijua hilo.

Na kuhusu viwanja, tusidanganyane. Uwanja wa udongo hauzuii kitu. Vizazi vya mabingwa wa Iten vilikimbia kwenye udongo na nyasi, pale shuleni na kule kwenye uwanja wa Kamariny, na huo wa majivu ulio nao unatosha kabisa kwa kijana wa miaka 16.

---

Mwalimu wa Nyanda za Juu alijibu:

Wazee wangu na ndugu zangu, nashukuru kutoka moyoni. Nimechapisha majibu haya na kumpelekea mkuu wa shule, naye ameyasoma yote mbele yangu bila kusema neno, kisha akaniuliza kama nina mpango wa kuhama. Nimemwambia sina.

Nimemtembelea pia mama wa yule kijana. Kumbe alikuwa akijua kwamba mwanawe anakimbia, ila alidhani ni adhabu ya shule kwa kuchelewa. Tumezungumza hadi jioni, na tumekubaliana siku tatu kwa wiki.

Ninaomba swali moja la mwisho kwa Jirani wa Kamariny. Likizo ya Juni tunataka kuwakusanya wanafunzi 14, tisa wavulana na watano wasichana, wakiwemo watatu wa shule jirani, kwa siku sita. Tuna uwanja wa mpira wa nyasi, saa moja ya mkononi yenye kuhesabu sekunde, na jiko la shule. Ni zoezi gani moja ambalo uliliona pale na unaamini tunaweza kulifanya sawasawa bila kocha?

---

Jirani wa Kamariny alijibu:

Mwalimu, habari ya huyo mama imenifurahisha kuliko yote niliyoyasoma hapa.

Zoezi ninalokupendekezea linafanywa na karibu kila kundi la wakimbiaji huku kwetu, wadogo kwa wakubwa. Wapangeni kwenye pembe moja ya uwanja wa mpira. Wanakimbia kwa kukata uwanja mshazari hadi pembe ya pili iliyo mkabala, kiasi cha mita 120, kwa mwendo wa kasi lakini laini, mabega yakiwa yamelegea na uso umetulia. Kijana anayekaza meno ameshazidisha. Wakifika wanageuka na kukimbia polepole sana nyuma ya goli hadi pembe inayofuata, wakivuta pumzi, kisha wanaukata uwanja tena kwa mshazari wa pili. Wasichana na wavulana waanze pamoja, na wepesi wasiruhusiwe kuwakimbia wenzao siku ya kwanza wala ya pili.

Saa yako iweke mfukoni siku tatu za mwanzo, na siku hizo uzitumie kuwatazama badala ya kuwapima. Simama katikati ya uwanja, mahali mistari miwili inapokatana, kwa sababu hapo kila mmoja atapita mbele yako mara mbili katika kila mzunguko, nawe utaona miguu inavyotua. Chukua daftari, ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi, uandike unachokiona kwa maneno ya kawaida: huyu anapindisha bega la kushoto, huyu anatua kwa kisigino, huyu anatazama chini. Daftari hilo usilikabidhi kwa shule wala usilitupe. Utalihitaji likizo ya Desemba.

Kwa siku ya kwanza mizunguko minne inatosha, kisha wapewe uji na wapumzike hadi jioni. Kama siku ya sita wote 14 wanaweza kufanya mizunguko minane huku wakiongea kidogo wanapopita nyuma ya goli, niandikie hapa, nami nitakueleza tunachofanya kwenye mlima.